Mguu Uliokakamaa Hospitalini

Kwetu Sironga hakuna njia tambarare. Ukitoka mlangoni unashuka katikati ya majani chai hadi mtoni, na ukitaka kurudi unapanda. Kwenye njia kama hizo kila mtu hujikwaa, hasa mvua ikinyesha, na hakuna anayemtazama mwenzake miguu. Ndiyo sababu ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba mke wangu alikuwa akiburuta mguu wa kulia. Niligundua kanisani, kwenye sakafu ya simenti. Alipokuwa akipita kwenda kuketi nilisikia ncha ya kiatu ikikwaruza, kisha hatua, kisha mkwaruzo tena. Nyumbani nilikigeuza kiatu hicho nikaona soli imelika mbele upande mmoja, kama patasi iliyonolewa vibaya.

Mimi ni seremala. Niliacha shule darasa la nane, na ufundi nilijifunza kwa kutazama, kuharibu mbao, na kusoma kila karatasi iliyonifikia. Tabia hiyo ya kusoma haikuniacha. Baada ya safari nyingi za hospitali, na picha ya ubongo na uti wa mgongo iliyopigwa Kisii mjini, daktari wa neva ambaye huja mara moja kwa mwezi kutoka Nairobi alituambia kwamba mke wangu ana ugonjwa unaoitwa maltipo sklerosisi. Wao huuita MS. Nilirudi nyumbani nikausoma kwenye simu hadi macho yakawasha. Neva zetu zimefunikwa utando, kama waya wa umeme ulivyovikwa mpira, na katika ugonjwa huu kinga ya mwili wenyewe huutafuna utando huo. Ujumbe unaotoka kichwani kwenda mguuni hufika umechelewa, au umepungua, au haufiki kabisa. Hauambukizi, na mtu anaweza kuishi nao miaka mingi. Hayo mawili ya mwisho niliyarudia kwa majirani mara nyingi kuliko mengine yote.

Mke wangu aliyasikiliza maelezo yangu hadi mwisho, kisha akauliza swali moja. "Nitaweza kupiga magoti na kuinuka?"

Nilijua anasema nini. Sisi ni Waadventista, na kila robo ya mwaka, kabla ya meza ya Bwana, tunatawadhana miguu. Wanaume hubaki upande mmoja, wanawake huenda chumba cha watoto, na kila mtu hupata mwenzake. Unapiga magoti mbele yake na beseni, unamwosha miguu, unaipangusa, halafu mnabadilishana. Ukiwa na neno na mtu, huyo ndiye unayemtafuta siku hiyo. Tangu mguu ulipoharibika, wanawake walikuwa wakimwosha yeye kisha wanamwambia, keti tu, wewe usisumbuke. Mwenzake wa siku zote alikuwa mjane jirani yetu, mama mwenye mdomo mkali na moyo mwema, ambaye alimwambia waziwazi, "Ukishuka hapo chini nani atakuinua? Mimi mgongo wangu nimeuacha kwa majani chai."

Mke wangu hakulalamika. Lakini alirudi nyumbani kila robo akiwa ameudhika. "Wananiosha kama mtoto," alisema. "Kuoshwa siyo kazi. Kazi ni kuosha."

Basi hicho ndicho kilichokuwa kipimo chake: kushuka, kuosha na kuinuka. Hakutaka zaidi.

Daktari alimwanzishia dawa, na akatupeleka kwa kijana wa fiziotherapia katika hospitali hiyohiyo ya Kisii ili awe anapima miguu kila tunapokuja. Alikuwa kijana mtaratibu, mwenye sauti ya chini, aliyesema Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu. Alianza kwa kukigeuza kiatu, jambo lililonifurahisha. Alimtaka ainuke kitini, atembee hadi alama ya rangi ukutani, ageuke, arudi aketi. Alimwomba ainue vidole vya mguu huku yeye akivikandamiza kwa kiganja. Alishika kidole gumba cha mguu, akamwambia afumbe macho, akakisogeza juu au chini na kumwuliza kimeelekea wapi. Alikuwa na uma wa chuma unaotetemeka ukigongwa. Aliuweka juu ya kifundo cha mguu, na mke wangu aseme mtetemo umekoma lini. Mguu wa kushoto ulijibu vizuri. Wa kulia ulikuwa mvivu kwenye kifundo na dhaifu kwenye nyonga.

Mwisho alimlaza kitandani, akashika mguu chini ya goti na kwenye kisigino, akaukunja na kuunyoosha, mara ya kwanza polepole, mara ya pili kwa haraka. Kipimo hicho ni cha ukakamavu. Katika ugonjwa huu misuli hupokea amri zilizovurugika ikajikaza yenyewe. Mguu wa mke wangu ulikataa kukunjika. Nikiwa nimesimama kando niliona kijana akiongeza nguvu, na mguu ukazidi kuwa gogo. Wa kushoto pia, ingawa kidogo.

"Umekakamaa sana," alisema kwa upole, akaandika.

Daktari akatoa dawa ya kulegeza misuli. Matokeo yake yalikuwa mabaya. Miguu ikawa kama nguo iliyolowa. Alisinzia mchana, na siku moja akiwa anageuza ugali jikoni miguu ilimwishia akakaa chini kitako, mwiko mkononi. Hakuumia. Alibaki hapo chini akikwangua kwa kidole ugali uliobaki kwenye mwiko, akaniambia, "Chakula kiko tayari. Mimi ndiye siko tayari."

Tuliporudi hospitalini kijana alipima tena, na mguu ulikuwa mgumu vilevile. Kwa hesabu ya kawaida, jibu lilikuwa wazi: dawa haijatosha, na ameanguka kwa sababu ya ukakamavu. Daktari angekuja mwezi uliofuata, na angeiongeza. Robo ilikuwa inakaribia mwisho. Mke wangu alinitazama, wala sikuhitaji kuambiwa. Dawa ikiongezwa, habari ya magoti imekwisha.

Kilichonitatiza ni kwamba nyumbani mguu haukuwa mgumu. Kijana alikuwa amenifundisha kuukunja na kuunyoosha jioni ili misuli isifupike. Nilifanya hivyo kila siku tukisikiliza redio, na ulikunjika. Ulikuwa na ukinzani mdogo mwishoni, kama droo iliyovimba kidogo kwa unyevu, basi. Hospitalini droo hiyohiyo ilikuwa imepigiliwa misumari.

Nikafanya kama ninavyofanya mlango unapokwama: badilisha kitu kimoja, jaribu, kisha badilisha kingine. Nilidhani ni baridi ya kitanda kile kilichofunikwa rexini, ile ngozi ya plastiki, nikabeba blanketi. Haikusaidia. Nilidhani ni uchovu wa safari, kwa kuwa nilikuwa nimesoma kwamba uchovu na joto huzidisha dalili, nikaomba tupimwe baada ya kupumzika kwenye benchi la nje. Haikusaidia. Niliomba saa za mchana badala ya asubuhi. Kijana alikubali kila kitu kwa subira, na kila mara mguu ulikataa. Mke wangu naye nilimwuliza, "Anakuumiza?" Akasema hapana, ana mikono mizuri.

Nikafikia mkataa kwamba hospitali ndiyo inayosema kweli na mikono yangu ndiyo inayonidanganya, kwa sababu mtu huona anachotaka kuona. Nikaanza kujiandaa. Nilinunua mbao za mkaratusi, nikatengeneza njia ya mteremko kutoka mlango wa jikoni hadi uani, pana ya kutosha kiti cha magurudumu, yenye kingo pande zote mbili. Niliipiga randa vizuri. Mke wangu alikuja akaegemea mlango akaitazama.

"Hii ni ya nani?"

"Ni ya siku za baadaye."

"Basi mpe huyo mtu wa siku za baadaye," akasema, akapita kando yake, akashuka ngazi za zamani akishika ukuta.



Safari ya mwisho kabla ya daktari kuja, kijana alikuwa ametutaka tufike mapema ili apime kwa utulivu na kuandika taarifa kamili. Mke wangu alipanda kitandani, akaifunga leso yake kiunoni kwa mkazo, akaichomeka chini ya magoti kama kawaida yake. Kijana alikuwa amekwisha kunawa mikono simu yake ilipolia. Akaomba radhi, akageukia dirisha, akajibu kwa Ekegusii, lugha yetu. Alikuwa anazungumza na mtu wa nyumbani kuhusu ng'ombe aliyekataa kusimama.

Inabidi nieleze hapa kwamba sisi Kiswahili tunakitumia na wageni. Ofisini, mjini, kwa polisi, kwa mtu ambaye hujui katoka wapi. Kijana alikuwa ametuzungumzisha Kiswahili tangu siku ya kwanza, nasi tukamjibu kwa Kiswahili, na kwa hiyo hatukumwuliza hata mara moja yale tunayomwuliza kila Mgusii tunayekutana naye. Tulimchukua kuwa mtu wa mbali. Baadaye alituambia alilelewa Nakuru na kwamba kazini hupendelea Kiswahili ili asimbague mgonjwa yeyote.

Alipokata simu mke wangu alikuwa ameinuka ameketi.

"Kumbe wewe ni wetu," akamwambia kwa Ekegusii. "Watu wa wapi?"

"Birongo, mama."

"Kwa nani Birongo?"

Akamtaja baba yake, kisha babu yake. Mke wangu alitikisa kichwa; hakuwajua. "Na mama yake baba yako alitolewa wapi?"

Kijana alifikiri kidogo, akataja ukoo na kilima. Kilikuwa kilima alikozaliwa mke wangu. Akataja jina la nyanya yake huyo, ambaye alikuwa amekwisha kufariki, na mke wangu akapiga makofi mara moja, akaficha uso kwa viganja, akaanza kucheka.

Baba mkwe wangu alikuwa kitinda mimba wa mke wa mwisho wa mzee aliyeoa wake wengi. Kwa hiyo mke wangu, ingawa ana umri wa makamo, yuko kwenye kizazi cha vikongwe. Ana watoto wa ndugu zake wanaotembelea fimbo. Nyanya ya kijana alikuwa binti wa kaka mkubwa wa baba mkwe wangu. Kwa hesabu yetu yeye na mke wangu walikuwa dada. Kijana huyu wa uma wa chuma hakuwa mtoto kwake. Alikuwa mjukuu.

Msomaji asiye wa kwetu ataona hilo ni jambo dogo. Kwetu kuna ensoni, ambayo ni heshima iliyopo kati ya mzazi na mtoto, na kati ya kila mtu wa kizazi cha mzazi na kila wa kizazi cha mtoto. Kijana huyo alikuwa rika la mtoto wetu wa kwanza. Mama haachi paja lake lishikwe na mtu wa rika la mwanawe. Akilazimika, kichwa kinaweza kukubali kwamba huyu ni mtaalamu na hii ni hospitali, lakini mwili haujaambiwa. Mjukuu ni habari nyingine. Bibi na mjukuu hawana ensoni. Wanataniana, wanatukanana, mjukuu humwita bibi mke wake na bibi humwambia hajui kuoa.

"Magokoro," akasema kijana, yaani bibi, na uso wake wote ukabadilika, kwa mara ya kwanza nikaona ana mwanya. "Kumbe siku zote hizi nilikuwa namtibu mke wangu bila kujua."

"Mke gani? Hujaniletea hata chumvi."

"Na huyu mzee ni nani?" akaninyooshea kidole. "Nilimwacha achunge tu. Tazama alivyokutunza vibaya, hata miguu imekushinda."

"Huyo angalau ana miguu. Wewe hiyo yako ni ya kuku wa kienyeji."

Kijana alicheka hadi akaketi kwenye kiti cha wagonjwa. Kisha mke wangu akajilaza, akaichomoa leso chini ya magoti, akasema, "Haya, mjukuu. Shika mguu wako."

Akaushika. Akaukunja polepole, ukakunjika. Akaukunja haraka, ukakunjika, na pale mwishoni nikaona ule ukinzani mdogo ninaoujua. Aliurudia. Akajaribu wa kushoto. Akasimama huku mguu wa mke wangu umelala mkononi mwake, akanitazama mimi, halafu akautazama mguu.

"Miezi yote hii," akasema taratibu, "nimekuwa nikipima ensoni."

"Si ungesema, magokoro?" akaongeza.

"Niseme nini? Sikuwa nimejikaza mimi. Mguu ndio uliojikaza." "Na ninyi wawili mlikuwa mnashughulika na blanketi."

Alipima yote upya tangu mwanzo, hata kutembea, na alipomaliza aliandika taarifa nyingine. Udhaifu wa kifundo na nyonga ulikuwapo, haukwenda popote, lakini ukakamavu ulikuwa mdogo. Daktari alipokuja, kijana aliingia naye chumbani akamweleza mwenyewe, bila kujificha, jinsi kosa lilivyotokea. Daktari, ambaye si wa kwetu, aliuliza maswali mengi juu ya bibi na wajukuu, akapunguza dawa kidogo kidogo hadi usingizi ukaisha. Tangu hapo, kijana hutanguliza kumwuliza kila mama anayekuja kutibiwa ni mtu wa wapi, na ikiwa hesabu ya vizazi inakataa, humwita mwenzake mwanamke apime.

Wiki zilizobaki walifanya kazi ya magoti. Kijana aliweka mkeka sakafuni akamfundisha: shika benchi, shusha goti la kulia kwanza, kisha la kushoto. Wakati wa kuinuka, wayo wa kushoto utangulie mbele, ule wenye nguvu, goti la kulia libaki chini, egemea, sukuma, inuka. Alimpa pia fimbo, na kamba ya kuzuia ncha ya mguu isilegee akitembea. Mara nyingi alishindwa. Kijana alimsimamia karibu, mikono wazi, bila kumgusa. "Ukianguka, magokoro, naoa wa pili, wewe wa kwanza uwe mpishi."

"Mwanamke gani atakubali kuolewa na wewe?" akajibu kutoka chini, jasho likimtoka. Akainuka.

Nyumbani nilimpunguzia urefu benchi moja, na alijizoeza asubuhi kabla ya joto la moto wa jikoni kumchosha. Ile njia yangu ya mteremko haikukaa bure. Aligundua kwamba toroli la ndizi hupita pale bila kumwaga ndizi hata moja, na sasa ananisifu kwayo mbele ya wageni, kana kwamba ndivyo nilivyokusudia.

Sabato ya meza ya Bwana ikafika. Alivaa gauni la rangi ya maziwa. Wanawake walienda chumba cha watoto, sisi wanaume tukabaki. Kati yetu kuna ukuta wa mbao ambao niliujenga mimi mwenyewe miaka ya nyuma, na nilizibana mbao hizo barabara, haupiti hata mwanga. Nilijuta siku hiyo. Mzee wa kanisa alikuwa ameniosha miguu, ananipangusa, na mimi sikusikia anachoniambia kwa sababu nilikuwa nasikiliza upande wa pili. Nilisikia maji yakimiminwa. Nilisikia benchi likisogezwa. Kisha kimya, kirefu kuliko kilivyopaswa kuwa, na mzee akaniambia, "Ndugu, mguu mwingine." Halafu wanawake wakacheka, wote kwa pamoja, kicheko kizuri, na sauti moja ndani yake niliijua.

Baada ya ibada niliwakuta nje, yeye na mjane, wamesimama juani.

"Ameniosha hadi magotini," mjane akaniambia. "Nilidhani ananiandaa kwa mazishi."

"Miguu yako ilihitaji," akasema mke wangu.

"Na kuinuka?" nikauliza. "Ulitanguliza upi? Ulishika benchi au—"

"Wewe," mjane akanikata, "ulikuja kanisani kusali au kupima?"

Tukaanza kupanda kwenda nyumbani, mke wangu mbele, mimi nyuma yake hatua moja kama tulivyozoea, fimbo yake ikitoboa udongo. Alipogeuka kumpungia mjane mkono niliona gauni lake limelowa mahali pawili, kwenye magoti. Doa la kushoto lilikuwa dogo, tayari linakauka. La kulia lilikuwa pana, lenye maji bado. Goti hilo ndilo lililobaki chini muda mrefu zaidi, likingoja la kushoto litangulie, kama alivyofundishwa.

Sikuuliza tena.